Ni rahisi au ni ghali? Kuielewa Havana kabla hujapanda ndege

Kila picha ya yale magari ya rangi ya waridi ya Havana, mji mkuu wa Kuba, inapozunguka mtandaoni, ubishi huwa uleule. Mmoja anasema alikula akashiba kwa dola sita. Mwenzake anaapa kwamba sahani hiyohiyo ilimtoa dola kumi na tano. Wa tatu anauliza: si kule kila kitu ni bure? Wa nne anamkatiza: bure ipi, rafu tupu, umeme hakuna, watu wanaikimbia nchi. Na katika hao wanne hakuna mwongo hata mmoja.

Nawaandikia wale wanaokwenda wenyewe, bila kampuni ya utalii kuwashika mkono. Anayekwenda na kampuni atakula hotelini, atapandishwa basi lenye kipupwe, atarudi na picha. Anayekwenda peke yake analala nyumbani kwa watu na kupanga foleni pamoja nao, kwa hiyo mambo yatakayomchanganya ni yaleyale yanayowasumbua wenyeji kila siku. Ufunguo ni huu: mtaa mmoja wa Havana una uchumi zaidi ya mmoja, umepangwa kama chapati juu ya chapati. Ukijua uko kwenye chapati ipi, mengi yanajieleza.

Tuanze na pesa

Kuba ina peso moja tu. Nalisisitiza hilo kwa sababu vitabu vya safari vya zamani na video nyingi bado vinazungumzia peso mbili. Ni kweli zilikuwa mbili. Kuanzia mwaka 1994 palikuwa na peso ya kawaida, waliyolipwa walimu na wafagiaji, na peso ya kubadilika, iliyofungamanishwa na dola, ya watalii na ya maduka ya vitu vya nje. Hiyo ya pili ilifutwa kuanzia Januari 1, 2021. Leo ni karatasi tu.

Lakini peso kubaki moja hakukuifanya bei ya dola iwe moja. Serikali ilipounganisha fedha ilitangaza dola moja kwa peso 24, kiwango kilichobaki kwenye hesabu za mashirika ya umma. Agosti 2022 benki na vituo vya serikali vya kubadilishia fedha, viitwavyo CADECA, vikaanza kununua dola kwa peso 120, kiwango kilichodumu kwa watu binafsi hadi Desemba 2025. Mtaani, ambako mwenye kuitafuta dola ndiko anakoipata kweli, bei iliendelea kupanda, na mwaka 2024 ikapita peso 300.

Watanzania waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 hawahitaji maelezo marefu hapa. Tulikuwa na bei ya benki na bei ya magendo, na kila mfanyabiashara alijua anakokotoa kwa ipi. Havana mwaka 2024 ilikuwa hivyohivyo. Chukua sahani ya wali, maharage meusi na kuku iliyoandikwa peso 1,800 wakati huo. Aliyebadili benki kwa 120 amelipa dola 15. Aliyekuwa na peso za bei ya 300 amelipa dola 6. Wamekaa meza moja, wamekula chakula kimoja, na kila mmoja atarudi nyumbani na ushuhuda wake.

Kisheria, kubadili fedha na mtu wa mtaani hakuruhusiwi, na ndiko utapeli ulikojaa. Ulaghai unaojulikana zaidi ni kumpa mgeni zile peso zilizofutwa. Kuzitambua ni rahisi: noti halali ina sura ya mtu, José Martí kwenye peso moja, Antonio Maceo kwenye tano, Camilo Cienfuegos kwenye ishirini. Noti iliyokufa ina picha za sanamu na minara ya kumbukumbu, na maneno *pesos convertibles*. Wasafiri wengi hulipia chumba kwa euro au dola taslimu, kisha humwuliza mwenye nyumba jinsi ya kupata peso za matumizi madogo. Kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kabisa. Za nchi nyingine zinaweza kufanya kazi, ila hesabu hufuata kiwango cha benki, na mashine yenyewe inategemea mtandao na umeme. Nenda na taslimu, noti safi zisizochanika.

Ukibahatika kupata noti ya peso tatu, iangalie vizuri. Sura iliyo juu yake ni ya Che Guevara. Mwaka 1965 huyo mtu alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, na jina lake la vitani lilikuwa la Kiswahili: Tatu. Wenzake wawili waliotangulia kwenye orodha ya majina waliitwa Moja na Mbili. Vita ile ilipowashinda, alijificha kwa muda katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam. Ipo Havana, basi, noti ya tatu yenye picha ya Tatu, na wanaoweza kuusoma mfanano huo kwa lugha yao ni sisi.

Mkate wa daftari na mkate wa duka

Sasa tuje kwenye lile neno "bure". Tangu mwaka 1962 kila kaya ya Kuba ina daftari la mgao, *libreta*. Ukienda nalo kwenye duka la mgao la mtaa wenu, *bodega*, unauziwa kiasi maalumu cha mchele, sukari, maharage, mafuta na kahawa kwa bei ndogo sana. Unauziwa, hupewi bure. Waliokumbana na duka la kaya na foleni ya sabuni wataielewa picha hii haraka kuliko Mzungu yeyote.

Kuna mkate mmoja kwa kila mtu kwa siku. Ni mdogo, unatosha kiganjani kama skonsi. Ulikuwa na gramu 80. Septemba 2024 ukapunguzwa hadi gramu 60, kwa kukosa unga. Maziwa hutengewa watoto hadi miaka saba, na hata hayo siku hizi huchelewa au hayaji. Kitu kikiwa kwenye daftari haimaanishi kipo dukani. Mara nyingi mchele wa mwezi huu hufika mwezi ujao, na mwenye duka huandika kwa chaki ubaoni kilichofika leo.

Hatua chache kutoka hapo kuna duka dogo la mtu binafsi, pengine sebule iliyofunguliwa dirisha. Lina tambi, mafuta ya kupikia, bia, biskuti, mayai. Biashara ndogo na za kati za watu binafsi ziliruhusiwa rasmi mwaka 2021, na kwa hiyo mtu anayesema Kuba imekataza kabisa biashara binafsi anazungumzia nchi ya zamani. Shida ni bei. Mwaka 2024 mshahara wa wastani serikalini ulikuwa chini ya peso 6,000 kwa mwezi, na trei la mayai 30 lilikula karibu nusu ya pesa hizo. Juu ya hayo yako maduka ya serikali yenyewe yanayouza kwa fedha za kigeni.

Kwa hiyo mtaa mmoja una mkate wa senti, mkate wa peso nyingi, na mkate wa dola. Rafu tupu ulizoona kwenye video ni za chapati ya chini. Rafu zilizojaa ni za chapati ya juu. Zote mbili zimepigwa picha siku moja.

Watu wanaishije basi? Kwa ndugu walioko Miami au Madrid, kwa kazi ya pili, kwa kuuza walichonacho. Wenyewe wana kitenzi chao, *resolver*. Sisi tungesema kuunga-unga. Mambo yamegeuka juu chini: daktari anayelipwa kwa peso hupata pungufu kuliko mtu anayekodisha vyumba viwili kwa wageni. Kenya ilipopokea madaktari wapatao 100 kutoka Kuba mwaka 2018, wengi kwetu walidhani hao ni watu wa maisha mazuri kwao. Elimu na matibabu kwa Mkuba ni bure kweli, na nchi ile imefundisha madaktari wengi kwa kiwango cha kuheshimika. Lakini daktari aliyebobea hawezi kukuandikia dawa ambayo famasia haina. Mimi hili huniuma kuliko majengo yote yaliyobomoka.

Kama kuna jambo moja la kujifunza kabla ya kufika, ni foleni. Utaona watu ishirini wametawanyika nje ya duka: huyu kivulini, yule amekaa ukingoni mwa barabara, wawili wanapiga soga mbali kabisa. Utasema hakuna mpangilio. Upo. Ukifika unauliza kwa sauti, *¿El último?* Nani wa mwisho? Mwanamke mmoja atainua mkono. Sasa wewe ndiwe wa mwisho, na mtu akija akiuliza utainua wako. Mzoefu huuliza na swali la pili: na wewe uko nyuma ya nani? Yaani huyu akichoka na kuondoka, ajue bado yuko nyuma ya nani. Foleni nzima imo vichwani mwa watu. Enzi zetu tulipanga mawe na matofali, wao wanapanga kumbukumbu. Usisogee mlangoni kwa sababu tu hukuona mstari. Watakusema, tena kwa haki.

Vikwazo: jirani na dereva wa lori

Hapa ndipo ubishi huwa mkali. Kundi moja linasema shida zote za Kuba ni vikwazo vya Marekani. Jingine linasema vikwazo ni kisingizio cha watawala.

Marekani ilianza kuibana Kuba kibiashara mwaka 1960, na Februari 1962 marufuku ikawa karibu kamili. Sheria zilizofuata, za mwaka 1992 na 1996, zikaikaza zaidi. Mfano wa kueleweka: jirani yako mwenye duka kubwa kuliko yote mtaani anamwambia dereva wa lori, ukimshushia mzigo yule, kwangu usije miezi sita. Sheria hiyo ipo hasa: meli iliyotia nanga Kuba kwa biashara haipakii wala kushusha mzigo bandari ya Marekani kwa siku 180 bila kibali. Dereva gani atamchagua mteja mdogo? Anayekubali hutoza zaidi. Benki nazo huogopa, na ndiyo sababu kutuma pesa Kuba ni mateso hata ukiwa Nairobi.

Lakini mlango haukufungwa wote. Tangu mwaka 2000 Marekani huruhusu chakula kuuzwa Kuba kwa malipo ya papo hapo, na kuku wa barafu unayekutana naye Havana, sehemu kubwa anatoka Marekani yenyewe. Tena yapo ambayo hayawezi kubebeshwa jirani. Kisiwa kilichozalisha zaidi ya tani milioni saba za sukari kwa mwaka miaka ya 1980 hakikufikisha nusu milioni msimu wa 2022–2023. Serikali imejenga hoteli mpya hata watalii walipopungua, mmoja ukiwa mnara wa ghorofa zaidi ya 40 katika mtaa wa Vedado, wakati mitambo ya umeme inachakaa. Ukiniuliza mimi, vikwazo ni vizito na vya kikatili kwa mtu wa kawaida, na maamuzi ya ndani yameongeza uzito juu ya uzito. Anayekutajia kimoja tu amekupa nusu ya habari.

Hayo magari ya miaka ya 1950 ni zao la historia hiyohiyo. Yaliingia kutoka Marekani kabla ya mapinduzi ya 1959, kisha hayakuja mengine. Leo ukifungua boneti utakuta injini ya dizeli ya gari jingine kabisa na vipuri vya fundi wa mtaani. Yako ya aina mbili, na msafiri lazima azitofautishe. Yale yaliyong'arishwa, yasiyo na paa, yaliyopaki karibu na Parque Central, ni ya kukodi kwa saa na hulipwa kwa dola. Yale yaliyochubuka rangi, yenye abiria watano wasiojuana, ni daladala. Huitwa *almendrón*. Yana njia zake, unasimama barabarani, unaonyesha kwa mkono unakoelekea, unamtajia dereva mahali, unalipa peso. Funga mlango polepole, maana huo mlango una umri mkubwa kuliko babu wa dereva.

Nyumba unayolala na nyumba inayoanguka

Si kweli kwamba mgeni lazima alale hoteli ya serikali. Tangu mwaka 1997 Wakuba wanaweza kupata leseni ya kupangisha vyumba. Nyumba hizo huitwa *casa particular*, na alama yake ni kibandiko cha bluu mlangoni kinachofanana na nanga. Kikiwa chekundu, ni ya wapangaji wenyeji. Ukifika, mwenye nyumba huchukua pasi yako na kukuandika kwenye rejesta. Usihamaki, ni sheria. Asubuhi utaletewa kahawa kali kwenye kikombe kidogo, papai, mayai, mkate. Sasa unajua mayai yale yamepatikanaje, kwa hiyo ukiulizwa jioni kama utakula kesho, jibu mapema na ulishike jibu lako. Mama wa watu ataamka alfajiri kuyatafuta.

Ukitoka nje utakutana na Havana mbili zinazopakana. Mji ulianza mahali hapa mwaka 1519, na sehemu ya kale iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982. Plaza Vieja, Plaza de Armas na uwanja wa kanisa kuu vimekarabatiwa vikang'aa. Tembea mitaa mitatu tu, uingie Centro Habana, utaona balkoni zimeshikiliwa na magogo. Kwa nini? Kuanzia mwaka 1993 ofisi ya mwanahistoria wa jiji, chini ya Eusebio Leal aliyefariki mwaka 2020, iliruhusiwa kuendesha hoteli na migahawa na kurudisha mapato kwenye ukarabati. Fedha hiyo iliokoa kiini cha mji wa kale. Nje ya kiini haikufika.

Na si kwamba nyumba zinazoanguka hazina wenyewe. Sheria ya mwaka 1960 iliwageuza wapangaji kuwa wamiliki, lakini hadi mwaka 2011 hawakuruhusiwa kuuza wala kununua, na saruji haikupatikana. Familia ikikua, watu hukata chumba chenye dari ndefu katikati kwa mbao au zege, kikawa vyumba viwili, cha chini na cha juu. Wanakiita *barbacoa*. Ongeza uzito huo, ongeza chumvi ya bahari, ongeza mvua ya siku tatu kisha jua kali, na ukuta wa miaka mia moja unaachia. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar anaijua hofu hiyo. Tembea upande wa pili wa barabara baada ya mvua kubwa.

Mengine utayatambua bila kufundishwa. Wanaume wanacheza dhumna vibarazani, wakipiga meza kama wa Malindi na Lamu. Karanga zinauzwa kwenye karatasi iliyosokotwa, na muhogo huja na kitunguu saumu. Jioni mji mzima unahamia Malecón, ukuta wa baharini wa kilomita kama nane, bila kununua chochote. Kivuko cha kwenda Regla huvusha watu wanaokwenda kumsalimia Bikira Maria mweusi, ambaye wengi wao humwita pia Yemayá, mungu wa bahari, jina lililotoka kwa Wayoruba waliopelekwa huko watumwa. Utumwa Kuba ulikoma mwaka 1886 tu. Mwislamu ajue kwamba wali na maharage mara nyingi hupikwa na mafuta ya nguruwe; aulize kila mara, *¿tiene puerco?* Msikiti upo mtaa wa Oficios, mji wa kale.

Watakaokufuata njiani wakisema leo ni siku ya mwisho ya kuuzwa sigara za ushirika kwa bei nafuu, waambie asante na uendelee kutembea. Hakuna siku hiyo.

Karatasi, kisha giza

Kwa ufupi: unahitaji viza ya utalii, ambayo sasa ni ya kielektroniki, fomu ya mtandaoni ya D'Viajeros kabla ya safari, na bima ya matibabu, kwa kuwa matibabu ya bure ni ya Wakuba. Ndugu zetu wenye pasi za Uingereza au Ulaya wazingatie jambo ambalo huwanasa wengi: aliyefika Kuba tangu Januari 2021 hawezi tena kuingia Marekani kwa kibali chepesi cha mtandaoni, ESTA. Atalazimika kuomba viza kamili ubalozini. Pima kabla ya kukata tiketi.

Na umeme. Neno utakalolisikia kila saa ni *apagón*, yaani kukatika kwa umeme. Oktoba 18, 2024 mtambo mkubwa wa Antonio Guiteras, Matanzas, ulizimika na gridi ya nchi nzima ikaanguka. Yalifuata maanguko mengine. Mbali na hayo upo mgao wa kila siku: mitambo ni mizee, mafuta hayatoshi, na mikoani giza ni la saa nyingi kuliko Havana. Umeme ukienda, maji huenda pia, kwa sababu pampu ndiyo inayoyapandisha kwenye tangi la juu ya paa. Beba tochi, chaja ya akiba, na ramani uliyoipakua kabla.

Halafu, unapochagua chumba, usiishie kuuliza kama kuna kiyoyozi. Nyaya za umeme zinazolisha hospitali hazikatwi kwenye mgao wa kawaida, na nyumba zilizounganishwa kwenye laini hiyo hubaki na taa wakati mtaa wa pili umelala gizani. Mwulize mwenye nyumba kama yuko kwenye laini ya hospitali. Ataelewa mara moja unachotaka kujua.